Ubora na Uaminifu wa Sauti

Watu wawili wakibishana juu ya vitu viwili, kipi ni bora, aghalabu hawabishani juu ya vitu vyenyewe. Mmoja ana haja hii moyoni na mwenziwe ana haja ile, na kila mmoja hupima kwa kipimo chake huku akidhani kuwa kipimo ni kimoja. Mkulima husema jembe ni bora kuliko kasia, na mvuvi husema kasia ni bora kuliko jembe. Wote wawili wana haki, na wote wawili hawajalijibu swali. Katika insha hii nakusudia kulitazama swali la ubora kwa njia ya kitu kidogo ambacho yamkini wasomaji wengi hawajapata kukifikiri, nacho ni kadi ya sauti ya kompyuta za zamani. Najua kuwa kitu hicho chaweza kuonekana hafifu mbele ya wanachuo. Lakini mimi kilinipa, nyumbani Pasiansi, swali zito la maadili ambalo sikuweza kulikimbia: tukiachiwa kazi ya mtu aliyefariki, je, tunawiwa kuitoa kwa uzuri tuuwezao sisi, au kwa namna aliyoisikia yeye?

Pasiansi iko katika wilaya ya Ilemela, mjini Mwanza, kando ya barabara iendayo kiwanja cha ndege. Wageni huijua kwa chuo chake cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966. Sisi wakazi twaijua kwa majabali yake, kwa upepo wa ziwa wakati wa jioni, na kwa kwaya zake. Jirani yangu mmoja alikuwa mwalimu wa kwaya. Karibu na mwaka 2000 kwaya yake ilipewa zawadi ya kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, na ndani yake mlikuwa na kadi ya sauti. Mwalimu alijifunza kuitumia peke yake, usiku baada ya kazi, pasipo kitabu wala mkufunzi. Kazi yake iliyo kubwa ilikuwa wimbo alioutunga kwa kumbukumbu ya miaka mitano ya meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza pamoja na mamia ya abiria. Dada yake alikuwa miongoni mwa waliopotea. Ala zote za wimbo huo alizipanga katika kompyuta, na kwaya ikaimba juu yake.

Miaka mingi ilipita, naye mwalimu akafariki. Ilipokaribia kumbukumbu ya mwaka mmoja wa kifo chake, mjane wake aliomba wimbo ule upigwe. Kanda ya kaseti waliyokuwa wameirekodi ilikwisha haribiwa na unyevu, lakini disketi ilikuwapo, nzima, ndani ya bahasha. Kijana mmoja wa kwaya, mwema na hodari wa mambo ya mitambo, akayahamisha yaliyomo katika kompyuta mpya na kuyapiga kwa spika kubwa. Filimbi ililia kama filimbi iliyo mdomoni mwa mtu; fidla zililia kama fidla. Watu wakasifu. Mjane alisikiliza kimya hata mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, mahadhi ni yake, lakini huu si wimbo wake. Ngoma iko wapi?"

Hatukuwa tumesikia ngoma. Tulichosikia mahali pa ngoma kilikuwa mlio mdogo wa ajabu, kama chuma chembamba kinachokwaruzwa, nasi tulidhani ni kasoro ya disketi.

Ili msomaji afahamu lililotokea, hana budi kujua tofauti ya mambo mawili. Wimbo waweza kuhifadhiwa kama sauti yenyewe, au waweza kuhifadhiwa kama maagizo ya kutoa sauti. Wimbo wa dakika nne ukihifadhiwa kama sauti, kwa kipimo cha santuri za CD, huhitaji zaidi ya megabaiti 40. Disketi ya mwalimu ilibeba megabaiti 1.44 tu. Kwa hiyo alihifadhi maagizo, kwa utaratibu uitwao MIDI, ambao watengenezaji wa vinanda vya umeme waliuanza mwaka 1983. Maagizo hayo husema: ala ya namba fulani ipige noti fulani, kwa nguvu fulani, kwa muda fulani, kisha inyamaze. Hayasemi ala hiyo inalia namna gani. Hilo limeachiwa kadi. Disketi basi ni kama barua, na kadi ni kama mtu anayeisoma mbele ya jamaa. Barua ni moja, lakini koo za wasomaji si moja.

Nilipotambua hayo nilianza kuuliza habari za koo hizo, nami nikakuta historia ndefu kuliko nilivyotazamia. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo iliyoweza kutoa mlio mmoja kwa wakati mmoja, nayo ilifaa kumwonya karani aliyekosea zaidi ya kumburudisha mtu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, nchini Kanada, iliuza kadi iliyotumia chipu ya Yamaha iitwayo YM3812, yenye uwezo wa kutoa sauti tisa kwa pamoja. Chipu hiyo haikuwa na sauti ya ala yoyote ndani yake. Ilifanya kazi kwa hesabu: wimbi moja hulitikisa wimbi jingine kwa kasi kubwa, na kutokana na mtikiso huo huzaliwa sauti ya tatu iliyo tajiri kuliko zote mbili. Njia hiyo, iitwayo FM, iligunduliwa mwaka 1967 na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kisha Yamaha wakapewa ruhusa ya kuitumia. Kwa hesabu hiyo kadi ilijaribu kuwa piano, na tarumbeta, na kengele. Kengele iliiweza; piano haikuiweza; na fidla ilitoka na sauti ambayo hapana fidla duniani iliyopata kuitoa.

Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoongozwa na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi yake ya Sound Blaster. Ndani yake mlikuwa na chipu ile ile ya YM3812, hata muziki uliotungwa kwa AdLib ukalia humo pasipo tofauti. Lakini waliongeza mambo mawili, yaani uwezo wa kupiga sauti zilizorekodiwa, kama neno la mtu au mshindo wa bunduki, na tundu la kuchomekea usukani wa mchezo. Kwa wacheza michezo nyongeza hizo zilikuwa kubwa, na katika muda wa miaka mitatu AdLib ikafilisika. Wakati huo huo Roland ya Japani ilikuwa ikiuza chombo cha MT-32, kilichotoka mwaka 1987, ambacho kiliwekwa nje ya kompyuta. Hicho kilichukua mwanzo wa sauti ya ala ya kweli, ile sehemu fupi ambayo kidole kinagusa uzi au pumzi inaingia katika bomba, na kuuendeleza kwa sauti ya kutengenezwa. Wenye nacho walisikia michezo yao kama wanaosikia bendi, lakini bei yake iliwatenga wengi.

Kisha ikaja njia ya tatu. Mwaka 1992 kampuni ya Gravis, nayo ya Kanada, ilitoa kadi ya Ultrasound, ambayo haikuhesabu sauti bali ilizikumbuka. Ala za kweli zilirekodiwa, na rekodi zao zikapakiwa katika kumbukumbu ya kadi yenyewe, kilobaiti 256 kwa kuanzia, nayo ikaweza kupiga hata sauti 32 kwa pamoja. Vijana wa Ulaya waliotunga muziki kwa kompyuta waliipenda mno. Lakini haikuwa na chipu ya FM, na michezo mingi iliyoandikwa kwa AdLib ilikuwa mibovu ndani yake au ilinyamaza kabisa. Mwaka ule ule Creative walitoa Sound Blaster 16, yenye chipu ya YMF262, ndugu mdogo wa ile ya kwanza, iliyotoa sauti 18 kwa stereo. Na mwaka 1994 walitoa AWE32, iliyobeba chipu ya FM na rekodi za ala pamoja. Tangu mwaka 1997, Intel ilipoweka utaratibu wa sauti kuingizwa katika ubao mkuu wa kompyuta, kadi zilianza kutoweka moja moja, mpaka watu wengi wakasahau kuwa kompyuta iliwahi kuzaliwa bubu.

Basi tukiulizwa ipi bora, tungejibuje? Kwa michezo ya miaka ya mwisho ya 1980, kadi ya FM ilikuwa bora, kwa kuwa michezo iliandikwa kwa ajili yake. Kwa mwanamuziki aliyetaka fidla ilie kama fidla, Ultrasound au AWE32 ilikuwa bora. Kwa mwenye fedha nyingi, chombo cha Roland. Mpaka hapa hatujatoka katika ubishi wa jembe na kasia.

Wapo watakaosema kwamba soko limekwisha kuamua, na kwamba Sound Blaster ilishinda kwa sababu watu wengi waliichagua. Hukumu ya umati si jambo geni katika nchi ya Wasukuma. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani, na watazamaji wako huru kuhama kutoka upande huu hadi upande ule. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora mtu aweza kuushuhudia umati ukiyumba kama maji ndani ya mtungi. Lakini wazee waliouanzisha mchezo huo hawakuwa wajinga. Mapokeo husema kuwa waasisi wa vyama hivyo walikuwa mafundi wa dawa, na mpaka leo mshindani husifiwa au kushukiwa kwa dawa yake ya kuvuta watu. Maana ya jambo hilo, kwa rai yangu, ni kwamba waliutambua umati kuwa hakimu wa nani amevuta, si hakimu wa kwa nini amevuta. Kadi yaweza kuvuta kwa sauti yake, au kwa bei, au kwa tundu la usukani. Umati husema kweli juu ya umati wenyewe. Juu ya ngoma husema kweli nusu.

Tena tukumbuke kuwa si sote tulioitwa katika uwanja huo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Kompyuta nyingi zilizotufikia baadaye zilikuwa zimekwisha fanya kazi yao ya kwanza kwingine. Kitu ambacho Ulaya kiliitwa kikuukuu, kwetu kilishuka garini kikiwa kipya. Mwalimu wa Pasiansi hakuchagua kadi ya FM kati ya kadi nyingi. Aliipata kama mtu anavyopata lugha ya mama, na kwa hiyo aliijua mpaka ndani. Anayelinganisha vyombo baada ya miaka mingi, akiwa na orodha zote mbele yake, hana budi kujihadhari asimpime mtu kwa wingi wa vitu ambavyo hakuwahi kuviona.

Sasa narudi kwa ngoma iliyopotea. Mjane alinipa daftari la marehemu, nami humo nikaona alivyokuwa akihangaika. Mwaka 1991 watengenezaji walipatana juu ya orodha moja ya ala 128, iitwayo General MIDI, ili maagizo yaliyoandikwa kwa chombo kimoja yafahamike na kingine. Ya kwanza katika orodha ni piano. Ya mwisho, namba 128, ni mlio wa bunduki. Ala zenye jina au asili ya Afrika ni haba: imo marimba, namba 13, imo kalimba, namba 109, imo agogo, namba 114. Ngoma ya Kijapani imo, namba 117. Ngoma ya Kisukuma haimo, wala zeze. Mwalimu alizijaribu ngoma zilizomo moja baada ya moja, na kando ya kila moja ameandika neno "hapana". Kisha, sijui kwa bahati au kwa subira, aliichukua kalimba na kuishusha chini sana, chini ya mahali ambapo kalimba yoyote hulia. Katika kadi yake ya FM hesabu ilipofika huko chini haikuwa kalimba tena. Ikawa mshindo mzito, wenye mkia mrefu, kama ngoma inayopigwa ng'ambo ya maji. Kando ya namba 109 ameandika: "Hii ndiyo."

Msomaji amekwisha kuona jinsi mambo yalivyokuwa. Kompyuta mpya, yenye rekodi za ala za kweli, iliposoma "namba 109" ilileta kalimba ya kweli. Na kalimba ya kweli ikivutwa kwa nguvu mpaka huko chini hukwaruza kama chuma. Ile kompyuta haikukosea. Ilisoma maagizo sawasawa, na kila ala ilikuwa ya kweli kuliko za mwalimu. Na kwa ukweli huo ikaiua ngoma.

Hapa ndipo penye moyo wa insha hii. Tumezoea kudhani kuwa chombo kinachokaribia maumbile zaidi ndicho kinachosema kweli zaidi. Katika habari za filimbi na fidla, dhana hiyo ni sawa. Lakini neno kweli hubeba mambo mawili. Upo ukweli wa nakala kwa kitu kilichonakiliwa, na upo uaminifu wa mtu kwa mtu. Kadi mpya ilikuwa kweli kwa kalimba. Kadi ya zamani ilikuwa aminifu kwa mwalimu. Ukweli wa kwanza waweza kupimwa kwa chombo, kwa biti na kwa mawimbi. Wa pili haupimwi ila kwa kuuliza: aliyefanya kazi hii alikusudia nini, na ametuachia nini mikononi? Mwenye kuchanganya ukweli huu na ule aweza kuwa na vipimo vyote sawa, naye bado amemdhulumu mtu.

Jambo kama hili limetokea pia kwingine. Mwaka 1993 ulitoka mchezo wa Doom, ambao muziki wake, kazi ya Robert Prince, ulihifadhiwa kama maagizo na kusomwa na kadi za namna mbalimbali. Wachezaji wengi waliusikia kwa sauti za FM, na sauti hizo ndizo zilizokaa katika kumbukumbu zao za ujana; wengine waliusikia kwa rekodi za ala. Hata leo hubishana upi ni wa kweli. Nao bado wana bahati, kwa kuwa wanabishana juu ya ladha. Mjane wa Pasiansi hakuwa akibishana juu ya ladha. Alikuwa akimtafuta mtu.

Lakini nisije nikadhaniwa kuwa natetea ukale kwa sababu ya ukale. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Walisema pia usiache mbachao kwa msala upitao. Semi hizo zina hekima, ila zikitumiwa ovyo humfanya mtu aabudu vumbi. Siku hizi wapo watu katika nchi tajiri wanaonunua kadi za zamani kwa bei kubwa na kuzifungia kabatini. Sina ugomvi nao. Lakini kadi isiyolia si kadi ya sauti tena, ni pambo. Umri haukuipa kadi ya mwalimu haki yoyote. Kama angetunga wimbo wake kwa AWE32, tungewiwa kuutafutia AWE32, na sauti ya FM ingekuwa ndiyo dhuluma. Thamani ya kadi ile ilitoka katika usiku mwingi ambao mtu alikaa nayo, akasikiliza, akachagua. Tena zipo leo programu zinazoiga chipu hizo ndani ya kompyuta mpya. Moja yao, DOSBox, imekuwapo tangu mwaka 2002. Nimezisikiliza, na pale ambapo mwigo ni mzuri sikio langu halikuona tofauti. Kama mwigo unaleta ngoma ile ile, basi mwigo ni mwaminifu, na chuma kikuukuu si lazima.

Kuna hoja moja yenye nguvu ambayo sikuweza kuipita upesi. Yule kijana wa kwaya, nilipomweleza habari za kalimba, alinijibu kwa heshima: "Mzee, mwalimu aliitumia kadi ile kwa kuwa hakuwa na nyingine. Kama angekuwa hai leo, angechukua filimbi nzuri na ngoma ya kweli kutoka Bujora. Mbona tumfunge katika umaskini wake?" Hoja hii ina huruma ndani yake, nami nilikaa nayo siku kadhaa. Ni kweli kuwa si kila alichotumia marehemu ni alichotaka. Asemaye kuwa kila mkwaruzo wa chombo duni ni mtakatifu anaisifu dhiki, na dhiki haistahili sifa. Waimbaji wa taarabu walipoanza kutumia kinanda cha umeme mahali pa kanuni na fidla, hawakufanya hivyo kwa dharau ya wazee wao. Walitafuta njia ya kuendelea kuimba.

Hata hivyo hoja hiyo inamdai marehemu jibu ambalo hawezi kulitoa. "Angekuwa hai angetaka" ni maneno tunayoyasema tunapotaka sisi. Ushahidi tulio nao ni daftari, na daftari halisemi "kwa kuwa hakuna nyingine". Linasema "hapana" mara nyingi, na "hii ndiyo" mara moja. Mtu aliyekataa ngoma nyingi na kukubali moja amechagua, hata kama uwanja wa kuchagua ulikuwa mwembamba. Kumwambia kuwa hakuchagua, kwa sababu sisi tuna uwanja mpana zaidi, ni kumnyang'anya kile kidogo alichokuwa nacho kwa jina la kumtajirisha. Umaskini wa chombo si umaskini wa mwenye chombo.

Naona basi kuwa tuna kazi mbili, na kosa liko katika kuzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi: kuitoa amana kama ilivyopokewa, ili aliyekuja baadaye aweze kumjua aliyetangulia. Katika kazi hii chombo bora ni kile kilicho aminifu, hata kama sauti yake ni duni. Kazi ya pili ni kuendeleza: kuichukua kazi ya mwingine na kuijenga juu zaidi kwa nguvu zetu. Katika kazi hii chombo bora ni kile kinachotufaa sisi, nasi tuko huru, kwa sharti moja tu, kwamba tuseme waziwazi kuwa tumebadili. Ngoma ikichakaa ngozi huwambwa upya, na hapana aonaye vibaya. Lakini fundi akichonga ngoma mpya na kuiuza kwa jina la ile ya zamani, ameiba. Kijana wa kwaya hakuwa na nia ya kuiba. Alifanya kazi ya pili akidhani ni ya kwanza, na sisi tuliosifu tulidhani hivyo pamoja naye.

Kompyuta ya zamani tuliikuta katika ghala la kwaya. Betri yake ilikuwa imevuja na kuula ubao mkuu, lakini kadi ya sauti, yenye ile chipu ya YMF262, ilikuwa nzima ila kwa kapasita mbili zilizokauka. Fundi mmoja wa Kirumba alizibadili kwa lehemu yake, akatupatia kompyuta nyingine kuukuu yenye tundu la namna ile. Tuliupiga wimbo chumbani kwa mjane, pasipo spika kubwa wala mkutano. Fidla zililia kwa ile sauti isiyo ya fidla. Filimbi ilikuwa kama mtu anayepuliza chupa. Kisha ikaja ngoma, mbali, kama kutoka upande wa pili wa maji ambayo dada yake hakuyavuka. Mjane aliinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha alisema, "Rudia, shemeji," wala hakusema neno jingine.

Tumeirekodi sauti hiyo na kuiweka mahali salama pamoja na disketi na daftari, kwa maana kadi nayo itakufa siku moja, na rekodi pekee haitamwonyesha mtu yale maneno ya "hapana" na "hii ndiyo". Kijana naye hakukatazwa kitu. Sasa anaupanga wimbo upya kwa filimbi za kweli na ngoma ya Kisukuma iliyowambwa ngozi ya ng'ombe, na juu ya karatasi yake ameandika jina la mwalimu kuwa mtunzi, na jina lake mwenyewe kuwa mpangaji. Nimeusikia mwanzo wake, ni mzuri. Mjane ameusikia pia, akausifu. Safari hii hakuuliza ngoma iko wapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa huo ndio wimbo wa mume wake.